"Utumwa Wetu Ulikuwa wa Huruma"? Hebu Tuache Kujidanganya



Ndugu zangu na dada zangu, Jumamosi iliyopita baada ya Asr tulikuwa na kikao chetu cha vijana hapa Kaloleni, kama kawaida. Mada ilikuwa Waislamu waliotekwa Afrika Magharibi wakauzwa Marekani kulima pamba. Vijana walikuja wamejiandaa, maana hizo video wanakutana nazo kila siku kwa simu. Walikuwa na majina, walikuwa na miaka. Wengine walikuwa na machozi.

Halafu kijana mmoja, bado yuko sekondari, akainua mkono akauliza: "Na huku kwetu je? Ni kweli Waislamu wa Pwani walikuwa na watumwa kwa mashamba?"

Kimya. Mzee mmoja ambaye sote tunamheshimu akamjibu kwa upole: "Walikuwepo, mwanangu. Lakini utumwa wetu haukuwa kama wa Wazungu. Wetu ulikuwa wa huruma. Mtumwa alikuwa kama mtoto wa nyumba." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Chai ikaletwa. Tukahamia mambo mengine.

Mimi pia nilinyamaza. Wiki nzima hiyo kimya imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Leo nautoa. Namwomba mzee wangu anisamehe, sina nia ya kumkosea adabu. Lakini yule kijana aliuliza swali la haki, na hakupewa jibu la haki.

Tuanze na yale tunayoyajua vizuri, ya Marekani.

Tunamjua Abdulrahman Ibrahima, mtoto wa ukoo wa watawala wa Futa Jallon, aliyeuzwa Natchez, Mississippi, mwaka 1788. Alitumikia shamba la mtu mmoja kwa miaka 40. Akaachiwa huru 1828, akafika Liberia mwaka uliofuata, na akafariki huko huko kabla hajaona kwao. Tunamjua Bilali Muhammad wa kisiwa cha Sapelo, jimbo la Georgia, aliyeacha kijitabu cha kurasa 13 kwa hati ya Kiarabu, mambo ya udhu na swala ya madhehebu ya Maliki, aliyoyabeba kichwani kutoka kwao. Kijitabu hicho kipo mpaka leo kwenye maktaba ya chuo kikuu huko Georgia.

Na maisha ya shamba la pamba tunayajua. Solomon Northup, mtu huru wa New York aliyetekwa 1841 na kuuzwa Louisiana, alitoka baada ya miaka 12 akaandika kila kitu. Kazi ya kuchuma ilikuwa paundi 200 kwa siku, yaani karibu kilo 90. Jioni pamba inapimwa kwa mizani. Ukipunguza, viboko. Ukizidisha, kesho unadaiwa zaidi. Chakula ni mahindi na kipande cha nyama ya nguruwe kwa wiki nzima, nyama ambayo Mwislamu hata kuigusa hataki. Unalala juu ya ubao, sakafu ni udongo. Kufikia 1860 watu karibu milioni 4 walikuwa watumwa Marekani, na pamba ndiyo iliyokuwa inawala zaidi.

Haya tunayajua, tunayalilia, na tunayasambaza. Ni sawa kabisa. Lakini mbona tunajua uzito wa pamba ya Louisiana, na hatujui mtumwa wa Malindi alikula nini?

Tena haya mambo mawili hayako mbali hivyo. Mama zetu hapa Eastlands wanaoshona vitambaa vya makochi wanajua kitambaa cha amerikani. Pwani tunaita marekani. Jina halikuja hivi hivi. Kuanzia miaka ya 1820 na 1830 merikebu za Salem, Massachusetts, zilikuwa zinakuja Zanzibar, na 1833 Seyyid Said akatia sahihi mkataba wa biashara na Marekani. Zilileta nguo ya pamba isiyopaushwa, iliyofumwa viwanda vya kule kaskazini kwa pamba ya watumwa wa kule kusini. Zikirudi, zilibeba pembe za ndovu, ambazo zilikuja kuwa vibonyezo vya piano. Hiyo nguo ikapandishwa bara na misafara, ikawa ndiyo pesa ya kununulia pembe na kununulia watu. Na mtu akishanunuliwa na kuletwa Pwani, alifungwa kiunoni kipande cha nguo hiyo hiyo.

Fikiria hapo kidogo. Mtumwa wa Mississippi anachuma pamba, mtumwa wa Malindi anaivaa. Mmoja tunamlilia. Mwingine tunasema alikuwa mtoto wa nyumba.

Sasa twende huko Malindi. Mji ulikuwa karibu umekufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1860, chini ya Sultan Majid, watu wa Zanzibar na Lamu wakaja kuufufua, wakafungua mashamba makubwa ya mtama, ufuta na kunde. Nafaka ilienda Zanzibar na Uarabuni, ufuta ulifika mpaka Ufaransa. Takaungu na viunga vya Mombasa hali ilikuwa hiyo hiyo. Unguja na Pemba ilikuwa karafuu. Aliyefanya kazi ni nani? Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo na wengine wengi, walioletwa kwa miguu mpaka Kilwa na pwani nyingine, halafu kwa jahazi.

Sitaki kupima hali yao kwa kipimo cha Mzungu. Tutumie chetu. Mtume wetu (s.a.w) alifundisha kwamba aliye chini ya mkono wako ni ndugu yako: ale katika unachokula, avae katika unachovaa, na asibebeshwe kazi inayomshinda. Hiki ndicho kipimo. Tuingie nacho shambani.

Chakula. Mwenye shamba alikula wali na nyama. Mtumwa wa shamba alikula muhogo, au mtama, na mara nyingi alijilimia mwenyewe kwenye kijikonde alichopewa pembeni. Unguja ilikuwa desturi kumwachia siku mbili kwa wiki, Alhamisi na Ijumaa, alime chakula chake. Wengine wanataja siku hizo mbili kama ushahidi wa huruma. Lakini hebu tuhesabu vizuri. Siku tano anamfanyia bwana bure. Siku mbili zilizobaki analima chakula cha kumpa nguvu ya kumfanyia bwana siku tano nyingine. Hapo nani anamlisha nani? Na msimu wa karafuu ukifika, hata hizo siku mbili zilikuwa hatarini, maana karafuu haingoji.

Mavazi. Kipande cha marekani au kaniki, mara moja au mbili kwa mwaka, basi. Kofia? Mtumwa wa kiume hakutakiwa kuvaa kofia. Viatu mbele ya waungwana? Haiwezekani. Mwanamke alifunga kaniki nyeusi, kichwa wazi. Dada zangu, mkiifunga kanga leo mjue ilitoka wapi. Utumwa ulipoisha, wanawake waliotoka mashambani walitupa kaniki wakakimbilia kanga za rangi, na wanaume wakavaa kanzu na kofia, kwa sababu hizo ndizo nguo walizokuwa wamenyimwa. Mtu anayevishwa anachovaa bwana hangojei sheria ibadilike ndipo avae kofia ya kuswalia.

Kazi. Malindi kazi ilipimwa kwa ngwe. Ngwe ni kamba, na pia ni kile kipande cha shamba kilichopimwa kwa kamba ambacho mtu analazimika kukimaliza. Watu walisimama mstari, kila mmoja na ngwe yake, kulima, kupalilia, kuvuna. Nyuma yao kulikuwa na ngazi nzima ya wakubwa: msimamizi, chini yake nokoa, chini yake kadamu. Nokoa na kadamu mara nyingi walikuwa watumwa pia, wamepewa fimbo juu ya wenzao. Hata Bilali wetu wa Sapelo alikuwa na kazi kama ya nokoa. Ndiyo maana nasema mfumo ulikuwa na sura moja hata kama bahari ilikuwa katikati. Ukitoroka ukashikwa, kulikuwa na bakora, pingu na mkatale, lile gogo la kubania miguu. Lugha yetu imeyahifadhi maneno haya yote. Kama utumwa ulikuwa wa huruma, neno mkatale tulilihitaji la nini?

Karafuu nayo usidhani ni kazi nyepesi kwa vile inanukia. Mti ni mrefu, matawi yake yanavunjika kirahisi, na maua lazima yachumwe kabla hayajafunguka. Halafu yachambuliwe, yaanikwe, yaingizwe ndani mvua ikitishia, yatolewe tena. Wanaume, wanawake na watoto, wote kazini.

Malazi. Kibanda cha fito na udongo, paa la makuti, katikati ya shamba. Hapo anaishi na mke ambaye hawezi kumwoa bila idhini ya bwana, na watoto ambao si wake kisheria, maana mtoto wa mjakazi ni mali ya bwana wa mama yake. Akifa, alichokichuma anarithi bwana. Na kuna jambo moja linalotosha kumaliza ubishi: mashamba yalihitaji watu wapya kila mwaka, kwa sababu waliokuwepo hawakuzaa wa kutosha kujaza nafasi za waliokufa na waliotoroka. Ndiyo maana soko la Zanzibar lilikuwa linapokea maelfu ya watu mwaka baada ya mwaka, mpaka Sultan Barghash alipolazimishwa na Waingereza kulifunga 1873.

Kama ni pamba yenyewe mnaitaka, ipo pia, jirani kabisa. Bonde la Mto Shebelle, kusini mwa Somalia, lilijaa mashamba ya mtama, ufuta na pamba, yaliyolimwa na watu waliotolewa huku kusini: Wazigua, Wayao, Wamakua, Wanyasa. Pamba ilipelekwa kwa wafumaji wa Mogadishu, ambao nguo zao zilisifika pwani yote. Waliolima hawakuzivaa. Walioweza walitorokea misitu ya Mto Juba, mahali panapoitwa Gosha, ambako mbung'o waliwazuia wafugaji na ng'ombe wao kuingia. Huko wakajenga vijiji vyao, na mmoja wa viongozi wao, Nasibu Bunda, akapata nguvu kiasi cha kutambuliwa na masultani. Waitaliano walipochukua nchi walitangaza utumwa umekwisha, halafu miaka ya 1930 wakawashurutisha watu hao hao kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya ndizi na pamba ya walowezi.

Vita vya 1991 vilipoanza, wajukuu wao ndio walioporwa kwanza, kwa sababu hawakuwa na ukoo wa kuwatetea. Walikimbilia Dadaab hapa Kenya, na wengine wao walikuwa bado wanazungumza Kizigua, lugha ya Handeni, baada ya zaidi ya miaka mia moja. Kuanzia 2003 Marekani ilichukua kama 12,000 kati yao. Hawa ni Waislamu wenzetu, ndugu zangu. Walidharauliwa na Waislamu wenzao kwa sababu ya nywele zao na pua zao. Hayo tusiyafunike.

Sasa najua majibu yatakayokuja, kwa hivyo nitayajibu mapema.

La kwanza: "Lakini kulikuwa na tofauti na Marekani." Ni kweli, na sitaficha. Mtoto aliyezaliwa na suria kwa bwana wake alikuwa huru, na baadhi ya masultani wa Zanzibar, Barghash akiwemo, mama zao walikuwa masuria. Kumwacha huru mtumwa ilikuwa ibada na kafara ya dhambi, na wako mabwana waliomcha Mungu wakaacha watu huru. Wazalia, yaani waliozaliwa hapa hapa Pwani, walikuwa na hali nafuu kuliko wajinga. Wajinga, hili nalo mlijue, ndilo jina waliloitwa wageni waliotoka tu bara na hawajui Kiswahili. Mjini kulikuwa na watumwa waliotumwa kutafuta kazi za siku na kumpelekea bwana sehemu ya ujira. Waliitwa vibarua. Ndio, kibarua hicho hicho tunachokiamkia kila asubuhi kwenda Industrial Area.

Lakini hebu niulize: nafuu kwa macho ya nani? Mtoto wa suria alikuwa huru, sawa. Mama yake aliulizwa kama anataka kuwa suria? Tunapenda kuhesabu mambo kwa upande wa sebuleni. Tukahesabu kwa upande wa ngwe, hesabu inabadilika.

Na walioishi utumwa huo walishatoa ushahidi wao, kwa miguu. Mtoto wa nyumba hatoroki akalale porini na chui. Lakini watu wa Malindi, Takaungu na Mombasa walitoroka kwa mamia. Walikwenda Witu kwa Sultan Ahmed Simba. Walikwenda Fuladoyo, kijiji cha watoro katikati ya nchi ya Wagiriama, ambacho wenye watumwa walikishambulia. Walikwenda misheni ya Rabai, mpaka tarehe 1 Januari 1889 kampuni ya Waingereza ikawalipa mabwana ili zaidi ya watoro 1,400 wapewe karatasi za uhuru. Wengine walibatizwa. Linaumiza, lakini lifikirie: mtu alilelewa kati ya Waislamu, akasikia adhana kila siku, na mwisho akaona usalama wake uko kwa padri. Hilo si kosa la padri peke yake. Tukiulizwa na Mwenyezi Mungu nani aliwafukuza watu wale kwenye dini, tutasema nini?

La pili: "Ukisema haya unawapa maadui fimbo ya kutupigia." Hii hofu naielewa. Sisi Waislamu wa Kenya tumechoka. Vijana wetu wanakamatwa bila mashtaka, wengine wanapotea, na kila kitabu cha shule kina picha ya Mwarabu na minyororo lakini hakina picha ya Mwingereza akimlipa mwenye watumwa. Na alilipa. Sheria ya 1907 iliyoondoa utumwa katika pwani ya Kenya ilimpa fidia bwana, si mtumwa. Waingereza walikuwa wameishika nchi tangu 1895, na miaka 12 yote hiyo mahakama ziliendelea kutambua kwamba mtu ni mali. Hapa mtaani kwetu, jirani na Kaloleni, soko la Kariokor linabeba jina la Carrier Corps, Waafrika waliosukumwa kubeba mizigo ya vita vya Waingereza wakafa kwa makumi ya maelfu. Kwa hivyo fimbo hiyo haina mwenyewe mmoja.

Lakini dhuluma ya Mwingereza haifuti ya kwetu. Qur'ani inatuamuru tusimame na haki hata iwe dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Haijasema isipokuwa pale adui anaposikiliza. Harakati inayodai haki kwa serikali huku inaficha dhuluma ya nyumbani, watu wataisikiliza mara moja tu.

La tatu, na ndilo ninalolisikia sana: "Hayo yamepita, ya nini kuyafukua?"

Hapa niseme la kwangu. Nyanya yangu alizaliwa upande wa Malindi. Alikuwa mtu wa swala tano, anayejua Kiswahili kitamu kuliko wote nyumbani. Lakini ukimuuliza kabila alikuwa anacheka, anasema, "Mimi mtu wa shamba." Mimi mdogo nikidhani anamaanisha mkulima. Alipokuwa mgonjwa ndipo akatuambia kwamba nyanya wa nyanya yake aliletwa mtoto, kutoka upande wa Nyasa, na jina lake la kwao hakuna anayelijua. Jina alilobaki nalo ni lile alilopewa shambani. Marehemu mamangu alichumbiwa na familia moja ya Pwani, posa ikavunjwa baada ya watu kuulizia asili. Neno lililotumika unalijua. Na mimi nilipokwenda kuchukua kitambulisho, afisa aliniuliza kabila mara tatu kama mtu anayenidai.

Kwa hivyo mzee wangu alipokuwa anasema "mtoto wa nyumba," aliyekuwa anamimina chai pale alikuwa mmoja wa hao watoto. Hakujua. Hatukuwahi kuambiana.

Na kuna ardhi. Mwaka 1907 mtumwa alipewa uhuru bila hata pishi moja ya mbegu. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi ya Pwani. Mwenye shamba akaenda kuandikisha shamba. Mjukuu wa aliyefyeka msitu na kulima ngwe hiyo miaka 40 hakuwa na cha kuandikisha, wala Mgiriama aliyekuwa jirani yake. Wakawa wanaitwa maskwota. Mpaka leo, ukipita Kilifi na Malindi, unakuta watu wamezaliwa, wameoana na kuzikana mahali ambapo siku yoyote mtu anaweza kushuka na karatasi kutoka Nairobi awaambie waondoke. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika mengi juu ya ardhi ya Pwani katika ripoti yake ya 2013. Ripoti imekaa. Kama hatutaki kusema jinsi mashamba yale yalivyolimwa, tutawezaje kusimama mbele ya serikali kuwatetea waliolima?

Halafu kuna majumba yetu wenyewe. Chukua kile kipimo cha Mtume (s.a.w), kitoe Malindi ukilete Eastleigh, South C, na hapa Ololo. Dada wa kazi nyumbani kwako anakula na nyinyi, au anakula kilichobaki baada ya watoto? Analala kitandani, au kwenye godoro jikoni nyinyi mkishalala? Ana siku yake ya kupumzika? Dada mmoja wa mtaa wetu alirudi kutoka Ghuba mwaka juzi. Alichukuliwa paspoti siku ya kwanza. Alikuwa analala kwenye stoo, anakula makombo, na aliporudi hakuweza kunyoosha mgongo. Yeye alibahatika, alirudi mzima. Mwaka 2020 na 2021 pekee, serikali yetu ilihesabu Wakenya 89 waliofia Saudi Arabia, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani. Watu wanaotuma binti zetu huko wanatuambia wasiwe na wasiwasi, ni nchi ya Kiislamu, watakuwa kama watoto wa nyumba. Maneno ni yale yale. Uongo tunaojiambia kuhusu jana ndio unaotumiwa kumpakia dada yako kwenye ndege leo.

Basi tufanye nini? Sina mengi. Nina manne.

Moja, madrasa na darsa zetu zifundishe historia hii yote, ya Sapelo na ya Malindi, ya Bilali na ya yule mama asiyejulikana jina. Tukianza sisi wenyewe, hakuna atakayetufundisha kwa matusi.

Mbili, neno "mtumwa" kama tusi, na posa kuvunjwa kwa sababu ya asili, tuyakatae hadharani. Maimamu wayaseme kwenye mimbari kwa jina lake.

Tatu, madai ya maskwota wa Pwani yawe madai ya harakati hii, tuyabebe kwa nguvu ile ile tunayobebea kesi za vijana waliopotezwa.

Nne, kila mmoja aanze nyumbani kwake kesho asubuhi. Chakula, mavazi, kazi, malazi. Pima. Ukipungukiwa, rekebisha kabla hujapimwa wewe.

Na kwa yule kijana aliyeuliza: ndio, mdogo wangu. Waislamu wa Pwani walikuwa na watumwa kwa mashamba. Walikula muhogo waliojilimia, wakavaa kaniki, wakalala kwenye vibanda vya udongo, wakafa bila majina yao, na wengi waliokimbia walikuwa na haki ya kukimbia. Dini yetu haikuwaamuru mabwana wafanye hivyo. Mabwana walifanya, na baadhi yetu leo ni wajukuu wa mabwana, baadhi yetu ni wajukuu wa watumwa, na tunasimama safu moja bega kwa bega. Swali lako lilikuwa zuri. Jumamosi hii njoo, tutalijibu kikamilifu. Mzee wetu nimeshamwalika, na ameniahidi atakuja.

Wabillahi tawfiq.